Dawa ya magugu 'ya asili': Jina zuri lisimponze mfanyabiashara wa mpakani

Kwa mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula, neno "asili" lina kazi mbili. Kwenye karatasi za forodha linamweleza ofisa mzigo umezalishwa nchi gani. Kwenye lebo ya dumu linamwambia mteja kwamba kilichomo hakina madhara. Kazi ya kwanza ina sheria, fomu na mihuri ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nyuma yake. Ya pili mara nyingi haina chochote nyuma yake isipokuwa maneno ya aliyeibandika lebo, na ndiyo inayoweza kumwunguza mtoto wa mteja na kumfilisi muuzaji.

Bidhaa inayoonyesha tofauti hiyo waziwazi ni siki inayouzwa kwa kuulia magugu.

Sababu za watu kuitafuta zinaeleweka. Mwaka 2015, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka glyphosate, kiuagugu kinachotumika kuliko vyote duniani, katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka kadhaa za viuatilifu duniani hazikukubaliana na hitimisho hilo, na mabishano yanaendelea hadi leo. Lakini mama mwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba hasubiri wataalamu wamalize kubishana. Anatafuta kitu kingine, na ushauri unaozunguka kwenye simu ni ule ule: changanya siki, chumvi na sabuni ya maji, kisha pulizia.

Mahali penye uhitaji, biashara hufuata. Swali ni biashara hiyo ibebe nini, na imwambie nini mnunuzi.

Inaua jani, haiui mzizi

Siki inaua magugu kweli. Kinachofanya kazi ni asidi ya asetiki iliyomo ndani yake. Inapogusa jani huharibu ngozi ya seli, maji ya jani yanapotea, na jua likiwa kali jani hunyauka ndani ya saa chache. Mteja akiona hivyo jioni yake, huamini amemaliza kazi.

Hajaimaliza. Asidi hiyo haisafiri ndani ya mmea kwenda chini. Gugu changa la msimu mmoja, lenye majani mawili hadi manne, hufa moja kwa moja. Ndago, yenye viazi vyake chini ya udongo, huchipua tena. Sangari, yenye mizizi inayotambaa, hurudi vilevile. Kiduha kwenye mahindi ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa kinapoonekana juu ya ardhi kimekwisha kunyonya mizizi ya mhindi. Anayemuuzia siki mkulima wa Kanda ya Ziwa au magharibi mwa Kenya kwa ajili ya kiduha anamuuzia maji machachu.

Tena siki haichagui. Tone linalopeperushwa na upepo hadi kwenye nyanya huunguza nyanya. Ndiyo maana mahali pake ni nyufa za sakafu, njia ya kuingilia nyumbani, kando ya ukuta na chini ya uzio. Katikati ya tuta la mboga, jembe na mkono bado havijapata mshindani.

Hesabu inayomshawishi mchuuzi

Siki ya mezani huwa na asidi ya asetiki takribani asilimia 4 hadi 5. Maana yake, anayebeba lita 20 amebeba lita 19 za maji. Kwa mtu anayelipia nauli ya mzigo, boda boda na mpagazi, hiyo ni hasara anayoiona kwa macho.

Upande wa pili kuna asidi yenyewe, ile inayouzwa viwandani ikiwa na nguvu ya karibu asilimia 99. Lita 20 za asidi hiyo zikichanganywa na maji hutoa kiasi cha lita 400 za siki ya asilimia 5. Dumu moja linageuka kuwa madumu 20. Mchuuzi yeyote anayejua kuhesabu ataiona faida iliyopo.

Lakini dumu hilo moja si siki tena. Taratibu za kimataifa za kusafirisha mizigo ya hatari huhesabu mchanganyiko wenye asidi ya asetiki zaidi ya asilimia 10 kuwa ni mzigo unaounguza. Ile ya karibu asilimia 99 huhesabiwa pia kuwa inashika moto, kwa sababu mvuke wake huweza kuwaka kuanzia joto la nyuzi 40 hivi. Ina tabia nyingine inayowashtua wasioijua: huganda kama barafu joto likishuka chini ya nyuzi 17. Katika baridi ya usiku ya Katuna au Kabale, mwenye mzigo anaweza kuamka akakuta dumu limeganda. Asipojua alichobeba, atalisogeza karibu na jiko liyeyuke.

Hata ile ya asilimia 20, inayouzwa katika nchi nyingine mahsusi kwa magugu, si ya kuchezea. Kuanzia asilimia 11 hivi huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Mtu aliyeizoea siki ya kachumbari hatavaa glovu wala miwani, maana kwake hiyo ni siki tu. Hapo ndipo jina zuri linapogeuka kuwa hatari.

Karatasi moja haifanyi kazi ya nyingine

Mpakani kosa huanza na karatasi. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya wamezoea cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho kimewaondolea wengi, hasa kina mama, mzigo wa ushuru. Kwa hiyo dhana imejengeka kwamba ukiwa nacho umemaliza.

Cheti kinajibu swali moja tu: bidhaa imetoka wapi? Hakijibu swali la bidhaa ni salama au imesajiliwa. Asidi ya kiwandani iliyoingia kwa meli kutoka nje ya Jumuiya haistahili hata cheti chenyewe, hata kama ilimiminwa kwenye madumu ndani ya Afrika Mashariki.

Swali la pili lina wenyewe. Tanzania ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kenya ni bodi ya viuatilifu, PCPB. Uganda ni Bodi ya Kemikali za Kilimo, chini ya sheria ya mwaka 2006. Sheria za aina hii huangalia kinachouzwa kinadaiwa kufanya kazi gani. Siki ileile ikiuzwa kwa ajili ya kachumbari ni chakula, na itaulizwa alama ya ubora ya shirika la viwango. Ikibandikwa lebo "inaua magugu" imegeuka kiuatilifu, nayo itaulizwa namba ya usajili na kibali cha kuingiza. Neno moja kwenye lebo limehamisha mzigo kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

Wapo watakaoona njia ya mkato ni kuandika "siki ya kula" kwenye fomu na kumnong'oneza mteja matumizi halisi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa, na mzigo unaweza kutaifishwa. Kwa mtaji wa mfanyabiashara mdogo, mzigo mmoja ukitaifishwa ndiyo mwisho wa duka.

Serikali nazo zina deni lao. Nchi wanachama zimeandaa miongozo ya pamoja ya usajili wa viuatilifu, vikiwamo vya kibayolojia, lakini mpakani mfanyabiashara bado anakuta kila nchi na rejesta yake. Bidhaa iliyosajiliwa Nairobi haijasajiliwa Arusha. Mwenye kiwanda kidogo anayetaka kuuza bidhaa nyepesi na salama analazimika kuanza upya kila mpaka, huku mwenye dumu lisilo na lebo akipita kwa pikipiki njia ya panya. Mpaka hapo patakaporekebishwa, anayefuata sheria ndiye anayelipa zaidi.

Anachoweza kusema muuzaji mwaminifu

Kwa matumizi ya nyumbani, siki ya kawaida ya asilimia 5 inatosha kwa magugu machanga. Ipuliziwe siku ya jua, upepo ukiwa umetulia, hadi majani yalowe, na irudiwe baada ya wiki au mbili. Sabuni ya maji kidogo husaidia siki ishike kwenye jani. Chumvi iachwe jikoni. Siki huoza udongoni baada ya siku chache, chumvi haiozi. Hubaki, huzuia mimea isinywe maji, na mvua huweza kuipeleka kwenye shamba la jirani.

Siki isichanganywe kamwe na jiki. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, inayoumiza mapafu. Isiwekwe kwenye bomba au chombo cha chuma, kwa kuwa hukila. Anayelazimika kupunguza siki ya asilimia 20 avae glovu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika mguu. Aweke kwanza lita 3 za maji, kisha amimine siki lita 1 taratibu juu yake, apate lita 4 za asilimia 5. Asidi humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi.

Ikimwagikia ngozi au jicho, ioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Aliyeinywa asitapishwe. Apelekwe pamoja na chupa yenyewe ili daktari aone lebo.

Na hapo ndipo chupa ya soda inapoua. Asidi iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji haina lebo ya kumwonyesha daktari, na kwa mtoto mwenye kiu haina tofauti na kinywaji. Mfanyabiashara anayekataa kupima kwa chupa za vinywaji anaweza kumpoteza mteja mmoja sokoni leo, lakini hatakuwa yeye atakayetafutwa na polisi kesho.

Kwa hiyo kabla ya kulipia dumu lolote la "dawa ya asili", maswali ni matatu. Ina asidi asilimia ngapi? Imesajiliwa kwa kazi gani katika nchi inakokwenda? Lebo yake itasomeka na mteja wa mwisho? Msambazaji asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo anamtafuta mtu wa kuibeba hatari yake kuvuka mpaka.