Korongo la Hell's Gate na Mvua ya Mbali

Tulipozuru hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, tuliona mambo ambayo visiwani kwetu hayapo: ardhi inayofuka mvuke, mabomba marefu ya Olkaria ambako mvuke huo umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na pundamilia wakilisha kando ya njia huku nasi tukipita kwa miguu. Hilo la miguu ni neema, maana katika hifadhi nyingi za Kenya mgeni haruhusiwi kushuka garini ovyo.

Lakini linalotushughulisha leo ni korongo la Ol Njorowa. Kuta zake zimechongwa na maji, na mahali pengine zimekaribiana hata mtu akinyosha mikono huzigusa zote mbili. Sisi watu wa bahari tumezoea kuyasoma mawingu yaliyo juu yetu. Huko elimu hiyo haitoshi, kwani mvua huweza kunyesha mbali, na gharika ikamkuta mtu palipo pakavu. Gharika korongoni humo iliua watu mwaka 2012, na tena mwaka 2019.

Kwa hiyo twawasihi wahusika serikalini wasione haya kulifunga korongo panapokuwa na shaka, hata ikiwa wageni wamekwisha kulipa kiingilio na wananung'unika. Mlinzi mmoja awe huko juu yanakotoka maji, mwingine mlangoni, na baina yao pawe na simu ya upepo. Nao walimu wetu wanaowavusha wanafunzi kwenda bara waulize habari za mvua kabla ya kuuliza bei ya chakula.