Msigeme kila chipukizi la mwanzi

Msimu wa ulanzi umeingia, na huku Iringa visu vimeshanolewa. Ushauri wangu hautawafurahisha wengi: katika kila kichaka acheni theluthi ya machipukizi bila kugema. Chipukizi likishakatwa ncha, likakatwa tena asubuhi na jioni, halikui kuwa mwanzi. Utomvu ukiisha linakauka. Ukigema yote, kichaka kinakosa mianzi mipya yenye majani ya kulisha mizizi, na wewe unakosa ya kusukia matenga ya nyanya.

Wanunuzi nao wamo. Anayelipia dumu la lita 20 bei ya kutupa anamsukuma mgemaji amalize shamba. Ongezeni bei kidogo kwa ulanzi safi, usiotiwa maji.