Samahani Isiyoomba Msamaha

Ndugu walimu, upo ugonjwa katika mazungumzo yetu ambao twauona kila siku na kuunyamazia. Mtu ataka kumtukana mwenzake, lakini hana ujasiri wa kutukana waziwazi. Basi hutanguliza "samahani", au "niwie radhi", au "si kwa ubaya". Kisha hutia "lakini", na hapo humwaga sumu yote. Aliyetukanwa akikasirika, huambiwa kwamba yeye ndiye asiye na adabu, maana ameshaombwa radhi tangu mwanzo!

Tulitazame kwanza neno "hashakum". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuwaombea wasikilizaji jambo linalotajwa liwe mbali nao. Mzee wa pwani akilazimika kutaja choo au ugonjwa wa aibu mbele za watu, husema "hashakum si matusi", ili uchafu wa neno usiwaguse waliomkabili. Neno hilo lamlinda anayesikia. Leo twasikia: "Hashakum si matusi, lakini wewe ni mjinga." La hasha! Ujinga huo haukuwekwa mbali na msikilizaji. Umebandikwa usoni pake. Ngao ya anayesikia imenyakuliwa na anayesema.

"Samahani" nayo ni ombi, na ombi hungoja jibu. Aliyekukanyaga mguu kwa bahati mbaya yafaa asamehewe, maana hakukusudia. Lakini anayeomba msamaha kwanza, kisha akakukanyaga makusudi, anaomba nini? Anaomba ruhusa, tena hangoji kupewa. Ama "kwa heshima zote" na "usinielewe vibaya", hayo yametafsiriwa kutoka Kiingereza, na mara nyingi heshima hutajwa pale ilipokosekana.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi wananchi wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya amri za askari, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hofu hiyo haikuondoka. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi mtoto anayeingia darasani huenda amesikia nyumbani kwamba hii ni lugha ya ukali. Sisi humkaririsha orodha: samahani, tafadhali, niwie radhi. Kisha twamwandikia daftarini: "Samahani, lakini hujui kitu." Hapo amejifunza nini, ila kwamba adabu ya Kiswahili ni kitambaa cha kufunikia rungu?

Tuliwahi kuhudhuria kikao ambamo mwalimu mkongwe alimwambia kijana aliyeanza kazi: "Si kwa ubaya, mwalimu, lakini Kiswahili chako ni cha kambini." Watu walicheka. Kijana hakufungua tena kinywa hadi kikao kikaisha. Nasi tulikuwamo, tukanyamaza. Hatia hiyo ni yetu pia.

Watakuwapo watakaosema kwamba tukiyapiga vita maneno haya tutabaki na lugha kavu. Hao hawakutuelewa. Hatuyakatai maneno ya radhi. Twakataa yafanywe vibaraka wa matusi. Kiswahili kina njia nyingi za kumsahihisha mtu bila kumvunjia heshima: kumwita kando, kumpigia mfano, kumwuliza swali, kumwachia fumbo alifumbue mwenyewe. Njia hizo zadai fikira na subira. "Samahani, lakini" haidai kitu, ndiyo maana imependwa.

Twapendekeza zoezi hili darasani. Mwanafunzi aandike sentensi ya namna hiyo, afute "samahani" na "lakini", kisha asome kilichobaki. Kikiwa ni tusi, nalo alifute. Kikiwa ni ukweli wa kumfaa mwenzake, aseme kwa upole, pasipo pazia.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini kujikwaa ni ajali. Hawa wetu hawajikwai: waliona jiwe, wakaliokota, wakaomba radhi, wakarusha. Tuanze kusahihisha kwa kalamu zetu wenyewe, katika madaftari ya watoto.