Mkulima usiitupe baiskeli

Nimeendesha baiskeli kwenye vilima vya Njombe miaka mingi, tangu Phoenix isiyo na gia hadi hizi za mtumba zenye gia. Zamani magunia ya viazi mviringo yalitoka shambani juu ya keria, yakisukumwa kwenye mwinuko. Leo kazi hiyo wameichukua bodaboda. Siwapingi, kwani pikipiki inawahisha mzigo.

Lakini tupige hesabu. Pikipiki inadai petroli hata bei ya viazi ikianguka. Baiskeli inadai kiraka, cheni na grisi kidogo. Mwenye baiskeli anaweza kupeleka madebe mawili mwenyewe hadi barabara ya Makambako–Songea, akaulizia bei kabla ya kukubali lumbesa. Asiye na usafiri humngoja dalali shambani, na anayengoja hapangi bei.

Tatizo ni njia. Vijia vingi ninavyopita vimeota nyasi, na magogo ya kuvukia mito yanaoza. Serikali za vijiji zipange siku ya kufyeka kabla ya mavuno.

Ndugu mkulima, kabla hujaiuza baiskeli yako kama chuma chakavu, jiulize: kesho dalali akishusha bei, viazi utavitoaje shambani?