Usilaumu dawa, fagia ua

“Minyoo ya mbwa wangu ni sugu.” Kuanzia Rulenge, Ngara, hadi Nyakahura, Biharamulo, kauli hii hutolewa kama hukumu isiyo na rufaa. Mtu amenunua kidonge, amekificha ndani ya tonge la ugali, mbwa amemeza. Mwezi haujaisha, kinyesi kina damu tena. Basi dawa imeshindwa! Kinachofuata ni dozi maradufu, au dawa ya mbuzi iliyobaki chupani, ikapimwa kwa macho na kumiminwa kooni. Baadhi ya dawa hizo zina levamisoli, na kwa mbwa dozi ya kutibu na ya kudhuru ziko karibu mno.

Imani hii tunaipenda kwa sababu inatupunguzia kazi. Ukishasema minyoo ni sugu, huulizi tena mbwa analala wapi.

Katika Ngara na Biharamulo wengi hulala chini ya migomba, penye kivuli, matandazo na unyevunyevu. Mabuu ya minyoo ya safura hayaombi zaidi ya hapo, na huweza kupenya hata ngozi ya nyayo na tumbo. Minyoo ya mviringo nayo hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na mayai hayo huishi ardhini kwa miaka. Kidonge huua minyoo iliyomo utumboni, udongo hakiugusi. Mbwa aliyetibiwa akirudi kulala penye kinyesi chake, ameambukizwa upya.

Mabuu mengine hujificha mwilini mwa jike. Ya mviringo huvuka hadi kwa watoto wangali tumboni, ya safura hupitia maziwa. Ndiyo maana watoto wa mbwa hupewa dawa wakiwa na wiki 2, ikarudiwa kila wiki 2 hadi wafikishe wiki 8, pamoja na mama yao. Sisi husubiri tumbo livimbe na mbavu zihesabike.

Tegu naye? Ukiona vipande vyeupe mfano wa punje za mchele chini ya mkia, tafuta viroboto, maana mbwa hujilamba, akameza kiroboto mwenye buu la tegu. Dawa ya minyoo ya mviringo mara nyingi haimgusi tegu. Prazikwanteli humuua, lakini viroboto wakibaki atarudi.

Sikatai kwamba usugu upo. Huko Marekani, safura wa mbwa wa mbio wamethibitika kustahimili aina kadhaa za dawa. Lakini walithibitishwa maabara, kwa kuhesabu mayai kabla na baada ya tiba. Wewe umehesabu nini?

Peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo kitazamwe kwa darubini. Mbwa apimwe uzito kabla ya dozi. Tibu mbwa wote wa kaya siku moja, kisha urudie kwa muda utakaoelekezwa. Okota kinyesi kila siku ukifukie shimoni. Matumbo ya mbuzi unayompa mbwa yachemshwe kwanza, asitupiwe mabichi.

Anayeona hayo ni makubwa kwa ajili ya mbwa, akumbuke kwamba wanawe hucheza pekupeku ua huohuo. Mabuu ya safura wa mbwa huwachimbia vijia vya kuwasha chini ya ngozi, na ya minyoo ya mviringo huweza kupofusha jicho. Kabla hujaongeza kidonge cha pili, shika koleo.