Mafuta ya Breki: Kuyabadili na Kutoa Hewa

Wenye magari wengi ni watu waangalifu. Hupima upepo wa magurudumu, humwaga oili ya injini wakati wake unapotimia, na kila Jumamosi huliosha gari mpaka likang'aa. Lakini chini ya boneti kuna kikopo kidogo cha plastiki kinachosahauliwa mwaka baada ya mwaka. Ndani yake mna mafuta ya breki, na uhai wa watu waliomo garini, na wa wapita njia vilevile, hutegemea mafuta hayo machache.

Dereva akanyagapo pedali, pistoni iliyo ndani ya masta silinda huyasukuma mafuta katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, na huko pedi huibana sahani ya chuma, gari likasimama. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Hewa hushindilika. Kiputo kimoja kikiingia bombani, mguu huzama kama uliokanyaga sifongo, na gari huendelea kwenda.

Hewa huingia wakati mabomba yanapofunguliwa au kikopo kinapokauka. Lakini kuna adui mwingine, naye huja polepole. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya joto la digrii 205. Yakiisha kupata maji kiasi cha sehemu nne hivi katika mia, huweza kuchemka kwenye digrii 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Jambo hili linawahusu sana wakaao upande wa magharibi wa Nairobi. Stesheni ya Kikuyu iko juu kuliko stesheni ya Nairobi kwa zaidi ya mita 300. Mkulima ateremkaye alfajiri na pikapu iliyojaa kabichi, akapita Uthiru, Kangemi na Westlands kwenda Marikiti, hukanyaga breki mara nyingi, na kila mara chuma huzidi kupata moto. Na ashukaye ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu yumo katika hatari kubwa zaidi. Hapo imempasa kutumia gia ndogo, wala asiitegemee breki peke yake.

Kazi ya kuyabadili yaweza kufanywa nyumbani na watu wawili wenye subira. Mwenye gari akisome kwanza kitabu cha gari lake, ajue ni mafuta ya namna gani yanayotakiwa. Kisha anunue lita moja katika chupa ambazo hazijafunguliwa. Maduka ya vipuri yamejaa katika barabara ya Kirinyaga mjini, ile iliyoitwa Grogan zamani. Chupa iliyokaa wazi rafuni haifai, maana imekwisha kunyonya unyevu. Oili ya injini isitiwe kamwe, kwani huharibu mipira yote ya breki. DOT 5 nayo ni mafuta ya silikoni, haichanganywi na nyingine.

Gari lisimamishwe mahali tambarare, na mawe yawekwe kwenye magurudumu yasiyoinuliwa. Likiinuliwa, liwekwe juu ya nguzo imara za chuma. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Mafuta ya zamani yavutwe kutoka kikoponi kwa bomba la sindano, kikopo kipanguswe kwa kitambaa safi, kisha mapya yatiwe.

Kwa kawaida kazi huanzia gurudumu lililo mbali kabisa na masta silinda. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, hilo mara nyingi ni la nyuma kushoto. Hufuata la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Magari mengine yana utaratibu wake, na kitabu ndicho kifuatwe.

Kwenye breki ya kila gurudumu mna skrubu ndogo yenye tundu. Ivishwe mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na ncha ya pili izamishwe katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Aliye kwenye usukani akanyage polepole na kushikilia. Wa chini afungue skrubu nusu ya mzunguko, mafuta meusi na viputo vitoke, aifunge. Ndipo aseme, "Achia." Mguu ukiinuliwa kabla skrubu haijafungwa, hewa hurudi ndani na kazi huwa bure. Warudie hivyo mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na kiputo. Baada ya kukanyaga mara tano hivi waangalie kikopo, kisikauke.

Mwishoni pedali iwe ngumu, na pasiwe na tone lolote kwenye skrubu. Gari lijaribiwe polepole uani kabla ya kuingia barabarani. Pedali ikibaki laini, au ikiwa gari lina breki za ABS zinazohitaji mashine, aitwe fundi; hakuna aibu katika hilo.

Mafuta haya ni sumu, nayo huchubua rangi ya gari. Yakimwagika yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Yasiwekwe katika chupa ya soda, mtoto asije akayanywa. Wala yasimwagwe mtaroni Kileleshwa au Lavington, kwa kuwa mitaro hiyo huingia katika vijito vya Kirichwa, navyo huingia Mto Nairobi, ambao maji yake hutumiwa na wakulima wa mboga walio chini. Yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya chupa mbili za mafuta ni ndogo. Na ukuta wa breki zilizoshindwa haujengeki tena.