Karatasi Niliyomsomea Mama Uongo

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea vitabu vinavyopigwa marufuku mashuleni. Kuna jambo sikulisema kwenye maiki, wacha niliandike hapa.

Mnajua sisi ndo wakalimani wa nyumbani. Barua ya benki, ya daktari, ya shule: "Mwanangu, hebu nisomee hii." Mwaka 2023 jimbo letu la Iowa lilipitisha sheria ya kuondoa kwenye maktaba za shule vitabu vyenye maelezo ya tendo la ngono. Siku moja mama akarudi kutoka kiwanda cha nyama na karatasi aliyopewa na mzazi mwenzake. Wanaomba saini ili *The Bluest Eye* cha Toni Morrison kitolewe shuleni kwetu.

Nilikuwa nimekisoma mara mbili. Kinamhusu Pecola, msichana mweusi wa Ohio anayemwomba Mungu macho ya buluu ili apendwe. Baba yake anambaka. Ndiyo, ni kigumu. Lakini mimi nimekua naona mashangazi wakijipaka mkorogo, na hakuna aliyewahi kuniambia ile hamu ya kuwa mweupe inatoka wapi. Pecola aliniambia.

Sasa, Februari mwaka huohuo Wizara ya Elimu Tanzania ilikuwa imepiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, hata *Diary of a Wimpy Kid*. Mama aliposikia alisema, "Wamefanya vizuri." Kwa hiyo nilijua atasaini.

Nikamwambia, "Wanachangisha hela za safari ya shule, mama. Si lazima." Akaikunja, akaenda kulala.

Nikajiona shujaa. Saini moja imepungua!

Kumbe nimefanya kilekile. Wale wanasema: mtoto hataweza hiki, tumwamulie. Mimi nilisema: mama hataelewa hiki, nimwamulie. Tena mwanafunzi akinyimwa kitabu shuleni, anaweza kwenda maktaba ya mjini. Mama angeenda wapi? Kwa barua za Kiingereza, maktaba yake ni mdomo wangu.

Mwezi uliopita nikamwambia ukweli. Alinyamaza, akaendelea kumenya viazi.

"Uliogopa ningesaini?"

"Ndiyo, mama."

"Pengine ningesaini kweli. Lakini ungenisomea, mwanangu. Halafu tugombane."

Basi sasa tunagombana. Kila Jumapili namsomea kurasa chache, natafsiri papo hapo, Kiswahili changu kikikwama ananisaidia yeye. Juzi alinisimamisha, akaanza kunisimulia habari za dada yake na mkorogo, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Bado anasema kitabu hiki si cha watoto. Mimi bado nabisha.

Sehemu ya baba hatujaifikia. Tukifika, sitairuka.

Nyie je, mlishawahi kumrukisha mzazi mistari? Tutumieni ujumbe wa sauti, tutausikiliza kipindi kijacho.